Kanuni ya Sita ya Amplifaya

Nilipeleka suruali tatu kupanuliwa kiuno, nikarudi nyumbani na amplifaya. Mke wangu alifungua mlango, akanitazama, akaitazama amplifaya niliyoikumbatia, akauliza suruali ziko wapi.

"Bado ziko kwa fundi."

"Na hiyo amekupa uvae?"

Ulikuwa mwanzo wa 2019. Tulikuwa tunaishi Mayfair, Johannesburg, mimi Mtanzania niliyefuata mke, yeye binti wa wakimbizi wa kisiasa wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Morogoro na kurudishwa kwao akiwa tayari anajua kununa kwa Kiswahili. Fundi wangu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye cherehani mbili katika ghorofa ya kwanza ya jengo moja kuukuu katikati ya jiji. Siku za kazi alishona. Jumapili alipanda ngazi moja hadi ghorofa ya pili, palipokuwa na kanisa la Wakongo, akapiga gitaa. Ghorofa ya tatu palikuwa na kanisa jingine, lenye ngoma.

Amplifaya ilikaa chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Niliona kona yake nikiwa nimesimama na tepu kiunoni, na kwa kuwa mtu anayepimwa tumbo hutafuta jambo lolote la kuzungumza, nikasema, "Hiyo ni ya taa, siyo?"

Fundi aliacha kupima. "Profesa, weye unayua malampe?"

Nikasema hizo taa nazijuajua. Nilikuwa nafundisha fasihi kwa mikataba ya muda, na sijawahi kuwa profesa wa kitu chochote, lakini sikumkosoa. Nami nilimwita Papa, kama walivyomwita wote katika jengo lile.

Akanieleza. Alikuwa amepiga gitaa katika kanisa lile miaka kumi na moja, kwenye kiti kilekile kando ya ukuta wa kushoto. Tangu Krismasi amplifaya ilikuwa inakata katikati ya ibada. Kamati ya kanisa ilikuwa imechoka. Mwenyekiti wake, mama mwenye saluni mtaa wa pili, alikuwa amempata mpiga kinanda anayekuja na mitambo yake mwenyewe, na alikuwa ametoa tarehe: kama mpaka Pasaka amplifaya haijatulia, kinanda kinaingia na gitaa linatoka.

"Na wewe?"

"Anasema niimbe na bamama. Sauti ya tatu." Akakunja tepu. "Mi sina sauti ya tatu, Profesa. Mi niko na gitaa tu."

Ningeweza kumwelekeza kwa mtu anayefanya kazi hiyo kweli. Badala yake nikasema, "Nipe nikaiangalie."

Inafaa niuseme ukweli kuhusu ujuzi wangu. Nilianza chuo kikuu, Dar es Salaam, nikisoma fizikia, nikamaliza na shahada ya fasihi, na njia kati ya mambo hayo mawili ilipitia mtihani mmoja wa umeme ambao sipendi kuuzungumzia. Katika umri ambao wanaume wenzangu hununua pikipiki, mimi nilinunua mita, koleo na chuma cha kulehemu, nikajiundia amplifaya ndogo ya kusikilizia santuri. Ikafanya kazi. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu hatari.

Amplifaya ya taa ni kifaa cha zamani kinachotumia chupa za kioo mahali ambapo vifaa vya leo hutumia transista. Chupa hizo huwaka rangi nyekundu kwa ndani, ndiyo maana mafundi wa redio kwetu waliziita taa. Ndani yake umeme hupandishwa hadi volti mia nne na zaidi, na sehemu ya umeme huo hubaki kwenye kapasita, vikopo vinavyohifadhi umeme, hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hili ndilo watu hawaliamini. Mtu huchomoa, huona kila kitu kimezima, huingiza mkono, na kinachofuata husimuliwa na wengine.

Kwa hiyo nilifanya kama vitabu vinavyosema. Nilichomoa, nikangoja, nikachukua rezista kubwa, kipande kinachopunguza nguvu ya umeme, yenye waya uliofunikwa vizuri, nikagusisha kila kapasita hadi umeme wake ukaisha taratibu, kisha nikapima kwa mita kuhakikisha sindano imelala kwenye sifuri. Mkono wa kushoto niliuweka mfukoni muda wote, ili umeme ukinipata upite kwenye mkono mmoja tu, usivuke kifua. Mke wangu, ambaye meza yake ya kulia chakula ndiyo ilikuwa karakana, alikaa mbali akila chungwa.

"Kwa nini umesimama kama mtu anayesubiri teksi?"

Nikamweleza habari ya kifua na moyo.

"Sasa ukifa na mkono mfukoni," alisema, "watu wa msikitini nitawaambia ulikuwa unatafuta nini?"

Niliyoyakuta ndani yalinifurahisha, maana yalikuwa makosa ya wazi, hata aliyefeli umeme angeyaona. Fyuzi ilikuwa imeungua siku nyingi na kuvalishwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, kwa hiyo haikuwa ikilinda kitu. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba. Na kwenye plagi, waya wa kijani, ule wa ardhi unaozuia bodi ya chuma isiwe na umeme, ulikuwa umekatwa safi kwa mkasi mzuri. Mkasi wa fundi cherehani.

Nikampigia simu. "Papa, nani alikata waya wa kijani?"

"Mi mwenyewe. Ilikuwa inanguruma, mmm, mmm. Nikaikata, ikanyamaza."

"Na maikrofoni haikupigi?"

"Inanipiga. Hapa kwa midomo." Nikasikia mkasi wake ukikata kitambaa. "Nimeivalisha soksi."

Nikabadilisha kapasita, nikaweka fyuzi ya kipimo chake, nikarudisha waya wa ardhi, nikaagiza taa mpya mbili za kutolea sauti. Kuiwasha mara ya kwanza kulihitaji balbu ya zamani, ile ya waya, inayofungwa kati ya ukuta na amplifaya. Kama ndani kuna hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na amplifaya inasalimika. Balbu hizo zilikuwa zimeadimika. Niliipata moja mtaa wa Fordsburg, kwa mwenye duka aliyetaka kujua kama nafuga vifaranga. Nikaunganisha spika, nikawasha. Balbu ikang'aa, ikafifia, ikatulia. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akasema ameiona balbu iliyofifia, akarudi jikoni.

Hapo ningeishia. Lakini mimi ni mtu wa maandishi, nikaona fundi anahitaji mwongozo. Nikaandika kanuni kumi za usalama, nikazichapa kwa herufi kubwa, nikaziweka ndani ya plastiki. Mbili za kwanza zilihusu waya wa ardhi na fyuzi. Ya nne ilikataza kuweka kikombe cha chai juu ya amplifaya. Ya sita niliipenda zaidi kwa jinsi ilivyokaa: *Ukishawasha na kupanga sauti, usiguse swichi wala kitufe chochote mpaka ibada iishe.* Nilikuwa nimeona wapigaji wanaozima na kuwasha ovyo, na taa hazipendi hivyo. Mbele ya mwenyekiti wa kamati, fundi alizisoma zote kumi kwa sauti, polepole, kama mtu anayekula kiapo, akazining'iniza kwa pini nyuma ya amplifaya.

Jumapili ya kwanza nilifika saa mbili asubuhi, nikapanga sauti pamoja naye, nikaondoka kabla ya ibada kuanza. Ibada yao ilichukua saa tano. Nilijiambia kwamba mtu niliyelelewa Kiislamu nisingejua pa kutazama, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kwenda kulala.

Saa nane mchana simu ikalia.

"Profesa, imekufa."

Fyuzi ilikuwa imeungua, na taa moja mpya imeungua nayo. Kwenye soketi ya taa, kati ya miguu miwili, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama chai iliyomwagika ikakauka. Nilijua mstari huo ni nini: umeme ulikuwa umeruka hapo, na umeme hauruki bila kupanda kupita kiasi. Swali lilikuwa ni nini kimeupandisha. Jibu nililipata mara moja, kwa sababu miezi ile kila kilichoharibika Johannesburg kiliharibiwa na mgao wa umeme. Umeme ukikatwa kwa saa mbili kisha ukarudi, hurudi kwa kishindo. Friji za watu zilikufa hivyo, na televisheni. Nikamweleza fundi kwa kirefu. Nikasafisha soketi, nikaweka taa nyingine, nikanunua kifaa cha kuzuia kishindo cha umeme. Amplifaya ikapiga siku tatu mfululizo kwenye meza yetu bila kukohoa.

Jumapili iliyofuata ikafa tena, na mstari mweusi ulikuwa palepale. Nikakagua ratiba ya mgao: siku ile mtaa ule haukukatiwa umeme hata dakika moja.

Nilipokwenda kuichukua, mwenyekiti wa kamati alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani ya fundi, mikono kifuani.

"Papa Profesa," alisema, "hii mashini, kabla ya weye kuitengeneza, ilikuwa inakata mara moja kwa mwezi. Sasa inakufa kila wiki. Elimu yako njo hii?"

Nikasema natafuta chanzo.

"Na inanguruma kwa maombi. Zamani haikunguruma."

Hilo lilikuwa kweli. Waya wa ardhi uliporudi, mngurumo nao ulirudi. Nikamweleza kwamba zamani ilikuwa kimya lakini ingeweza kumuua mpigaji. Mama akamtazama fundi kama anayepima hoja hiyo.

"Jumapili moja," alisema mwishowe. "Ikifika mwisho wa ibada iko nzima, Papa anabaki kwa kiti yake, na mi sisemi tena. Ikikufa, kinanda."

 Fundi alikuwa anatoa pini kwenye mkono wa koti la mtu, moja moja, akizipanga midomoni.

Nyumbani nikaifungua tena. Nikapima kila kitu mara mbili. Kila kipimo kilikuwa sawa. Nikasema kwa sauti kwamba hapa nyumbani inapiga, kule inakufa, na sioni tofauti.

Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari. "Wewe hujawahi kukaa ibada nzima, au siyo?"

"Inahusiana nini?"

"Sijui. Mimi sikusoma fizikia." Akageuza ukurasa. "Kama wewe."

Basi Jumapili ile nilikaa. Walinipa kiti cha nyuma, kati ya nguzo na mama mmoja aliyenipa peremende kila nusu saa. Fundi alikuwa kwenye kiti chake, suti ya kahawia, amplifaya nyuma yake juu ya kreti, spika kando, kanuni zangu kumi zikining'inia. Maikrofoni haikuwa na soksi. Alipiga vizuri. Sina maneno ya kitaalamu ya kueleza. Vidole vyake vilitembea juu ya nyuzi kama mtu anayehesabu vishikizo, na watu walicheza. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nilianza kuamini kwamba kukaa kwangu tu kumeiponya.

Kisha yakaja maombi ya kimya.

Hayo yalikuwa desturi ya kanisa lile peke yake, na mwenyekiti ndiye aliyeyaanzisha. Kwa kuwa ghorofa ya tatu walipiga ngoma tangu asubuhi, yeye aliamua kwamba kanisa lake litamjia Mungu kwa njia nyingine: dakika ishirini, wote wamepiga magoti, macho yamefungwa, hakuna hata anayenong'ona. Ukumbi ukanyamaza. Zikabaki ngoma za juu zikipita kwenye dari, na chini yake mngurumo wa amplifaya, mmm.

Mimi sikufumba macho. Nikaona fundi anageuka kwenye kiti, anaitazama amplifaya, anaitazama plastiki yenye kanuni. Mkono wake ukaelekea kwenye swichi ya kupumzisha taa, ile inayonyamazisha amplifaya bila kuizima, ukasimama hewani, ukarudi. Kanuni ya sita. Ukashuka hadi waya wa spika, akauchomoa polepole. Mngurumo ukakoma. Akageuka mbele, akafumba macho, akaanza kupiga.

Alipiga kweli, kwa nguvu, mikono yote miwili, na hakuna sauti iliyotoka. Ngoma za juu zilifunika ule mgusano mdogo wa nyuzi. Watu mia moja walikuwa wamepiga magoti mbele yake na hakuna aliyejua. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayezungumza.

Niliyafahamu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba hayo ndiyo yalikuwa maombi yake, na pengine alikuwa ameyafanya hivyo miaka yote, taa zikiwa zimepumzishwa kwa swichi, bila madhara. La pili ni kwamba amplifaya ya taa haipaswi kamwe kupigwa bila spika. Nguvu inayotengenezwa lazima iende mahali. Isipopata spika hurudi ndani, umeme hupanda mara dufu, na huruka popote unapopata njia, kwa mfano kati ya miguu miwili ya soketi. Kila anayejenga amplifaya analijua hili kabla ya kujua lolote jingine. Ndiyo maana sikuliandika. Nilikuwa nimeandika habari ya kikombe cha chai.

Nikainuka. Nikapita kati ya magoti na viatu vya watu, nikiomba radhi kwa mikono. Nilipomkaribia nikasikia kitu: ndani ya amplifaya, transfoma ilikuwa inaimba. Transfoma isiyo na spika huweza kufanya hivyo, hutikisika na kutoa sauti yenyewe, nyembamba kama ya mbu. Nilisikia wimbo mzima humo ndani, mdogo sana.

Njia sahihi ilikuwa kumshika bega ili aache, au kukandamiza nyuzi, kisha kurudisha waya. Nilijua hivyo. Nikarudisha waya.

Sijui niielezeje sauti iliyotoka. Watu waliruka. Mama wa peremende alipiga ukelele. Fundi alifumbua macho, na kwa kuwa vidole vyake vilikuwa katikati ya mstari, viliumaliza mstari huo kabla ya kusimama: sauti saba au nane, taratibu, wazi kabisa. Kisha kimya. Hata juu waliacha ngoma.

Mwenyekiti alisimama mbele, akinitazama mimi. "Papa Profesa. Ni nini?"

"Spika ilikuwa imechomoka," nikasema. Yalikuwa maneno ya kweli kwa kiasi fulani.

Mama akamtazama fundi, akatazama gitaa, mkono wa kulia bado uko juu ya nyuzi. Alielewa. Wote walielewa. "Tuendelee," alisema.

Amplifaya ilifika mwisho wa ibada ikiwa nzima. Mama ni mtu wa kauli yake: mpiga kinanda hakuja, na kiti cha kushoto kilibaki cha fundi. Baada ya ibada baadhi ya akina mama walimuuliza kama wimbo ule hawezi kuupiga siku moja wausikie. Akasema hapana, ule si wa watu. Alisema kwa upole. Kisha alinisaidia kushusha vifaa vyangu ngazini.

Wiki iliyofuata niliunda kisanduku kutoka kopo la biskuti. Ndani yake niliweka rezista kubwa ya kuchukua nafasi ya spika, imefungwa kwenye bamba la alumini ili moto utoke, na swichi imara: upande huu spika, upande ule kopo. Ukigeuzia kwenye kopo unaweza kupiga kwa nguvu zako zote, amplifaya inadhani ina spika, na hakuna anayesikia. Nikafuta kanuni kumi, nikaandika mbili: *Spika au kopo, kimoja lazima kiunganishwe. Kabla ya kugeuza, shika nyuzi.*

Nikampelekea, nikamweleza, nikamwomba radhi. Akaligeuza kopo mikononi.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini Profesa, sasa banafungua macho. Jumapili mi nilikaa tu, mikono kwa magoti, na mama mumoja ananiangalia na jicho moja."

Sikuwa na rezista ya kutatua hilo.

Nilipita tena baada ya Pasaka, Jumapili moja, kukagua kama kopo linapata moto kupita kiasi. Fundi alikuwa amegeuza kiti chake. Kilitazama ukuta, mgongo kwa watu wote, na koti la suti limetandazwa kwenye maegemeo kama pazia. Mwenyekiti hakulipenda jambo hilo, aliniambia mwenyewe, lakini hakukuwa na kanuni inayolikataza.

Tangu hapo nimekuwa nikienda mara moja kwa mwezi, kupima taa na kusikiliza nyimbo za mwanzo. Maombi ya kimya yakikaribia, ninatoka. Mke wangu anasema nimerudi kulekule nilikoanza, ninaondoka kabla ya ibada kuisha. Ninashuka ngazi nikishikilia suruali, kwani kiuno fundi alikipanua kupita kiasi na hatujapata nafasi ya kulizungumza, na nikifika chini ninasimama kidogo. Ngoma za ghorofa ya tatu zinasikika vizuri kutoka pale. Kutoka ghorofa ya pili, hakuna kitu.